Kupanga ovaholi ya trekta la zamani: vipimo kwanza, spea baadaye

Matrekta mengi ninayoitiwa yakiwa yamefumuliwa na kuachwa nusu kazi hayakukwama kwa sababu fundi hakuijua kazi. Yalikwama kwa sababu spea zilinunuliwa kabla ya kupima. Mwenye trekta aliona moshi, akanunua seti nzima ya pistoni, ringi na metali (beringi za krenki) za standadi, yaani saizi ya kiwandani. Injini ilipofunguliwa, krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, ikakutwa imeshasagwa zamani na slivu, yaani mirija ya silinda, zimetanuka. Sasa ana sanduku la spea zisizoingia, pesa imekwisha, na bloki iko juu ya magogo inashika kutu.

Kwa hiyo hapa nitazungumza zaidi kuhusu kazi ya kabla ya kulegeza nati ya kwanza. Mfano wangu mkuu ni Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins AD3.152 ya silinda tatu, trekta lililoanza kutoka mwaka 1964 na ambalo mengi yake bado yanalima. Ukiwa na trekta jingine la rika hilo, namba zitabadilika lakini utaratibu ni huuhuu.

Hakikisha ugonjwa uko ndani ya injini

Kuna matatizo kadhaa yanayojifanya ni injini iliyochoka. Kuwaka kwa shida kunaweza kuwa betri dhaifu, stata iliyolegea au hewa iliyoingia kwenye dizeli. Moshi mweusi na kukosa nguvu mara nyingi ni filta ya hewa iliyoziba au nozeli zinazotema dizeli badala ya kuirusha kama ukungu. Valvu zisizo na nafasi ya kutosha hazifungi vizuri, na kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda, inashuka ingawa ringi ni nzima. Kwenye AD3.152 nafasi hiyo ni inchi 0.012, yaani milimita 0.30, injini ikiwa baridi. Irekebishe kabla ya kupima chochote kingine.

Presha ndogo ya oili ndiyo inayowatisha watu kuliko yote, na ndiyo inayohitaji utulivu. Injini hii ikiwa ya moto na kwenye mzunguko wa juu inatakiwa kusoma kati ya psi 30 na 60. Geji ya dashibodi ya trekta la umri huo usiiamini. Funga geji nyingine moja kwa moja kwenye bloki. Kisha chomoa dipstiki. Kama oili imepanda juu ya alama badala ya kupungua, na ukiipaka kati ya vidole inateleza kama maji huku inanuka dizeli, basi dizeli inavuja kuingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mara nyingi mkosaji ni kiwambo kilichopasuka ndani ya pampu ndogo ya kuvuta dizeli, au sili ya pampu kubwa. Rekebisha hilo, badilisha oili na filta, upime tena. Nimeona presha ikirudi mahali pake bila kugusa metali.

Mlio wa kugonga nao una njia yake. Injini ikiwa kwenye silensa, yaani inaunguruma taratibu bila mzigo, legeza nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli moja, usikilize, ukaze, uende kwenye inayofuata. Mlio ukipotea umeipata silinda, lakini bado hujajua chanzo, kwa sababu metali iliyokwisha ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, nayo hunyamaza silinda ikipumzishwa. Hamisha nozeli hiyo kwenye silinda nyingine. Mlio ukihama nayo, tatizo ni nozeli. Ukibaki palepale, anza kuifikiria krenki. Usiweke kidole wala kiganja mbele ya dizeli inayoruka kwa presha: inapenya ngozi, na aliyepigwa nayo apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama kidonda kinaonekana kama tundu la sindano.

Sasa kompresheni. Tumia geji ya dizeli inayofungwa kwenye tundu la nozeli, injini ikiwa na joto na betri ikiwa imejaa. Linganisha silinda kwa silinda. Tofauti kati yao inakuambia mengi kuliko namba yenyewe. Silinda iliyo chini itilie oili kidogo tu, kijiko cha chai kinatosha, maana juu ya pistoni ya dizeli nafasi ni finyu na kimiminika hakibanwi. Presha ikipanda sana, ringi au slivu zimechoka. Isipopanda, angalia valvu au gasketi ya hedi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, nashuku gasketi imeungua katikati yao.

Kabla hujamwaga oili ya zamani, toa filta, ikate, utandaze karatasi yake juani. Pitisha sumaku. Vinavyonasa ni chuma, labda ringi, slivu au gia. Vinavyobaki vikiwa na rangi ya fedha iliyofifia vimetoka kwenye uso wa metali au ni alumini ya pistoni. Ukiona rangi ya shaba, uso wa metali umeshakwisha na tabaka la chini linaliwa. Hapo trekta lisilime tena hata robo siku, kwa sababu krenki inayoweza kupona leo itakuwa ya kutupa kesho.

Amua unaingia hadi wapi

Kuna kazi ya hedi peke yake: valvu, siti na gaidi za valvu (mirija inayoziongoza), na gasketi. Kuna ya kati, ambapo unabadilisha ringi na metali krenki ikiwa palepale. Na kuna ya kushusha kila kitu. Ninachokipinga waziwazi ni ringi mpya ndani ya silinda iliyochakaa, kazi ambayo watu huichagua kwa kuona ni nafuu. Silinda huchakaa zaidi pale juu ringi ya kwanza inapogeukia, kwa hiyo inakuwa pana juu na nyembamba chini. Ringi mpya inalazimika kutanuka na kubanwa kila mzunguko, haikai, na ikikutana na ukingo uliobaki juu ya silinda inaweza kuvunjika. Unapata miezi michache ya nafuu, kisha moshi uleule, na gharama ya gasketi na oili umeilipa mara mbili.

Kwa Massey 135 kuna jambo la kuweka kwenye hesabu mapema: trekta hili halina chesisi. Injini ndiyo uti wa mgongo. Nyuma imefungwa kwenye nyumba ya klachi na gia boksi, mbele imebeba ekseli. Kutoa krenki maana yake ni kulikata trekta sehemu mbili, yaani kuitenganisha injini na gia boksi. Ukishafika hapo, klachi, beringi yake ya kusukuma, meno ya flaiwili, sili ya shafti ya gia boksi na sili ya nyuma ya krenki zote ziko wazi mbele yako. Zikague na uzipangie bajeti tangu mwanzo. Sili ya nyuma ya injini hizi ni ya kamba, vipande viwili ndani ya nyumba yake, na inataka fundi mwenye subira. Ikivuja, unalikata trekta upya kwa ajili ya kitu kidogo kama hicho.

Ijue injini uliyo nayo

Usinunue spea kwa kutaja jina la trekta. Katika miaka yote hii mtu anaweza kuwa amebadilisha injini, na hata injini ya jina moja ilifanyiwa mabadiliko kiwandani. Safisha bloki kwa brashi ya waya, tafuta namba ya injini iliyogongwa kwenye chuma, uiandike na kuipiga picha. Hiyo ndiyo namba ya kumpa muuza spea, pamoja na idadi ya mifereji ya ringi kwenye pistoni ya zamani, kipenyo cha pini na urefu kutoka katikati ya pini hadi juu ya pistoni.

Jua pia silinda zako ni za aina gani. AD3.152 ina slivu kavu, zilizobanwa ndani ya bloki bila kugusana na maji. Ferguson TE20 ya kabla yake ina slivu za maji, ambazo hutoka na kuingia kwa urahisi zaidi, lakini usipopima jinsi zinavyojitokeza juu ya uso wa bloki gasketi haitashika. Ford 5000 haina slivu kabisa: pistoni inatembea kwenye bloki yenyewe, kwa hiyo unabori, yaani unapanua silinda kwa mashine, na kutafuta pistoni za oversaizi, au unaitia slivu. Kila aina inabadilisha bajeti, na inabadilisha pia muda utakaokaa kwa mchongaji, fundi wa mashine za kuchonga vyuma vya injini.

Kufungua kwa ajili ya kupima

Osha trekta lote kabla ya kufungua, hasa kuzunguka hedi na pampu. Chomoa betri. Piga picha kila upande ukiwa hujagusa kitu, kisha kila bomba kabla halijatoka. Mabomba ya dizeli na matundu yake yazibe kwa vifuniko vya plastiki. Tambara huacha nyuzi, na uzi mmoja unatosha kuharibu nozeli. Kabla pampu haijatoka, chora alama kwenye flanji yake na kwenye kasha la taiming.

Pushi rodi, vile vijiti vinavyosukuma roka za valvu, mimi huzichomeka kwenye kipande cha boksi nilichokitoboa na kukiandika namba kuanzia mbele. Kila moja imechakaa pamoja na tapeti yake na roka yake, na inatakiwa kurudi kwao. Kofia za konrodi na za krenki zina uzito zaidi katika hili. Zilichongwa zikiwa zimefungwa mahali pake, kwa hiyo kofia ya namba moja haiendi namba mbili, wala haigeuzwi. Kama huoni namba zilizogongwa, weka zako kabla ya kufungua, upande uleule kwa zote.

Toa metali moja na uitazame mgongoni. Utaona STD, yaani saizi ya kiwandani, au 010, 020, 030, ikimaanisha kwamba krenki imeshasagwa kwa inchi 0.010, 0.020 au 0.030, yaani milimita 0.25, 0.51 au 0.76. Hapo ndipo unajua historia ambayo hakuna aliyekusimulia. Kisha pima kila shingo ya krenki, sehemu inayozunguka ndani ya metali, kwa mikromita, pande mbili zinazokatana, mwanzo na mwisho wa shingo, na uandike. Usiandike “nzuri” au “mbaya”. Andika namba, ulinganishe na kitabu cha injini hiyo.

Silinda zipime kwa geji ya silinda, chini kidogo ya ukingo wa juu, katikati, na chini, kwa mwelekeo wa krenki na kwa kuikata. Kama huna geji hiyo, ringi moja ya zamani na fila geji (vibapa vya kupimia mianya) vitakupa picha nzuri. Isukume ringi kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, chini kidogo ya ukingo, upime mwanya wake. Ishushe hadi chini ambako pistoni haifiki sana, upime tena. Tofauti ya mianya igawe kwa 3.14. Tuseme juu ni milimita 1.2 na chini ni 0.6: tofauti ni 0.6, na ukigawa unapata takriban 0.19. Silinda hiyo imetanuka juu kwa karibu milimita 0.19 kuliko chini, na kwa kipenyo cha milimita 91.4 cha injini hii hakuna ringi mpya itakayoiokoa.

Kabla hujaendelea, ingiza kidole kwenye manifoldi ya kuvutia hewa. Kidole kikitoka na vumbi laini, umempata muuaji. Kuna mpira uliopasuka au klampu iliyolegea kati ya filta na injini, na vumbi limekuwa likisaga silinda. Injini inayokufa kwa vumbi itakufa tena kwa vumbi, hata ukiitia spea bora kuliko zote. Mipira ya hewa, klampu zake, bakuli la oili la filta, rejeta iliyoziba, wata pampu na themostati viandike kwenye orodha ya ovaholi kwa uzito uleule wa pistoni. Hili huwa nalisisitiza hadi watu wananichoka, na nitaendelea kulisisitiza.

Mchongaji, foleni na mpangilio wa manunuzi

Mwone mchongaji kabla ya kufumua, umuulize foleni yake ikoje. Mkubaliane atafanya nini: kukagua nyufa kwenye hedi na krenki, kusaga shingo, kubadilisha slivu, kuhakiki konrodi kama hazijapinda, kunyoosha uso wa hedi. Kuhusu hedi, kitabu kinaweka kikomo cha kupunguza. Ukizidisha, nozeli na valvu zinasogea karibu na pistoni, na katika dizeli nafasi hiyo ni ndogo tangu mwanzo.

Mpangilio wa kununua una mantiki yake. Mchongaji akishasema krenki itafaa kwa 020, usimruhusu asage bado. Kwanza thibitisha metali za 020 zipo, ziwe mkononi mwako, ndipo asage. Krenki iliyosagwa kwa saizi isiyopatikana ni pambo. Kwa silinda ni vivyo hivyo: pistoni zipelekwe kwake, azipime moja moja, abori kulingana na pistoni hizohizo. Gasketi, sili na filta ndizo pekee ninazonunua mapema, nikishaijua namba ya injini.

Bloki inapokwenda kwa mchongaji, nozeli na pampu ya dizeli ziende siku hiyohiyo kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Pampu ya CAV DPA iliyo kwenye Massey 135 haifunguliwi kwenye benchi la karakana ya kawaida. Oili pampu nayo ikaguliwe sasa. Kuirudisha iliyochoka ni kupoteza kazi yote ya krenki.

Kalenda ihesabu kurudi nyuma. Weka siku unayotaka trekta liwe shambani, toa muda wa kulizoesha, toa wa kufunga, toa wa mchongaji, toa wa kusubiri spea. Ukiona tarehe ya kuanza imeshapita, lima msimu huu kwa uangalifu kama filta haikuonyesha shaba, uanze baada ya mavuno. Kwenye bajeti mimi huongeza theluthi moja juu ya jumla ya vitu vinavyojulikana, na mara nyingi huliwa: ufa katikati ya siti za valvu, stadi ya hedi iliyokatika, nyuzi za boliti zilizokwisha. Kama theluthi hiyo haipo, usifumue bado.

Siku ya kulikata

Sakafu iwe ngumu na tambarare, pawe na paa, na vumbi liwe mbali. Gonga kabari za mbao ngumu pande zote mbili kati ya ekseli ya mbele na kibebeo chake. Ekseli hiyo inacheza kwenye pini ya katikati, na bila kabari nusu ya mbele italala upande mara tu ikiachana na ya nyuma. Zuia magurudumu ya nyuma, weka stendi imara chini ya gia boksi, na ya mbele iwe na cha kuibeba kinachotembea sawa bila kuyumba. Jeki peke yake haibebi mtu anayeingia chini. Sampu ya injini hii ni ya chuma cha kusubu na ni nzito. Iegemeze kabla ya kutoa boliti za mwisho.

Kufunga na kuzoesha

Silinda zikitoka kuchongwa zioshwe kwa maji ya moto na sabuni, si kwa petroli. Petroli huondoa mafuta na kuacha unga wa jiwe kwenye mikwaruzo. Sugua hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, kausha, paka oili papo hapo. Mianya ya ringi mpya ipimwe ndani ya silinda yake. Kanuni ya jumla ni karibu inchi 0.004 kwa kila inchi ya kipenyo, ila namba ya mtengenezaji wa ringi ndiyo inayotawala. Nafasi ya metali ihakikiwe kwa plastigeji, uzi wa plastiki unaopondwa ili kupima nafasi, hata kama mchongaji ni yule unayemwamini. Boliti zote zikazwe kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa hatua na kwa mpangilio wa kitabu.

Kabla ya kuwasha, vuta kizimio cha dizeli, uzungushe kwa stata kwa vipindi vifupi hadi geji ya oili ipande. Ikishawaka, usiiache kwenye silensa muda mrefu ukidhani unaitunza. Ringi zinahitaji mzigo ili zikae, na silinda inayozungushwa bila mzigo inang'aa na kuanza kula oili. Ipashe moto, uipe kazi ya wastani, ubadilishe mzunguko mara kwa mara, na usiibane kwa jembe zito ikiwa kwenye mzunguko wa chini. Oili ya kwanza na filta yake vitoke kati ya saa 25 na 50 za kazi. Filta hiyo nayo ikate uitandaze juani. Siku hiyohiyo pima tena valvu, kaza klampu za mipira ya hewa, na upitie boliti zinazounganisha injini na gia boksi na ekseli ya mbele. Kama gasketi yako ni ya aina inayotaka hedi kukazwa tena, ifanye kazi hiyo kabla ya valvu.